Samaki hali mwiko: fimbo yangu, shemeji yangu na kolekole wa Kilifi

Wakuu, nakiri.

Ile fimbo ya kuvulia iliyo kwenye buti ya gari langu si ya mume wangu. Haijawahi kuwa yake. Salim huchafukwa na roho hata bahari akiiona kwenye kalenda.

Kazini nimesema ni ya Salim. Majirani nimewaambia ni ya Salim. Askari wa barabarani alipofungua buti nikamwambia, "Ya mzee hiyo." Akatazama matope ya mikoko yaliyonikaukia hadi magotini, akafunga buti taratibu. "Haya mama, msalimie mzee."

Ni yangu. Mimi, mwalimu wa chuo, mwanamke wa makamo mwenye goti moja linalotabiri mvua, ni mvuvi wa kujifurahisha.

Salamu basi kwenu nyote, wa pwani na wa bara. Ninayosimulia yalitokea. Palipo na chumvi, ni ile iliyonirukia kutoka majini.

Mlionitia kwenye balaa hili ni nyinyi wenyewe, hasa mnaovua bass, wale samaki wa maji baridi, kule Naivasha. Niliingia humu ndani kutafuta dawa ya panya. Nikaukuta uzi wa watu wazima wanabishana kwa hasira kuhusu rangi ya chambo bandia: asubuhi ya mawingu utumie ya kijani au ya zambarau? Nikasoma hadi chai ikapoa. Panya waliendelea na maisha yao.

Mwezi uliofuata jamaa mmoja alikuwa anahama Kilifi, anauza vitu vyake. Nilienda kununua rafu ya vitabu. Nikarudi na fimbo ya bass.

Sisi huku hatuna bass, najua. Tuna hori la Kilifi, maji ya chumvi, na samaki wasiosoma nyuzi zenu. Na rili, kile kigurudumu cha kukunjia mshipi, ikiwa ya maji baridi kisha ikaonja chumvi hushika kutu kama msumari wa paa, kwa hiyo jioni naiosha kwanza hiyo, halafu ndipo nijioshe mimi. Salim analijua hilo, na amenyamaza.

Asiyenyamaza ni mdogo wake, Athumani.

Athumani anauza vifuniko vya simu sokoni Malindi, na siku za mapumziko huja Kilifi kuvua kwa mshipi wa mkono, ameuzungusha kwenye chupa ya plastiki, chambo chake ngisi. Ni shemeji yangu, na kwetu shemeji ana leseni ya utani isiyokwisha muda. Yangu pia haijaisha, lakini mimi ni mtu wa Kaloleni niliyeolewa mjini, kwa hiyo yeye huanza akiwa mabao mawili mbele.

"Shemeji, nyinyi Kaloleni ni watu wa kugema mnazi. Ukimkosa samaki majini, si upande juu umtafute huko?"

Sasa, chambo. Vyambo bandia vya dukani nilivipoteza vyote kwenye mizizi ya mikoko, nikaamua kuchonga changu. Mama mkwe wangu, Bi Mwanaisha, alikuwa na mwiko mkubwa uliokatika. Nilipouomba mpini akanipa kwa mikono miwili.

"Chukua mwanangu. Mwiko huu ulipika pilau ya harusi yako."

Kwenye ncha ya mpini palikuwa na nukta tatu zilizochomwa kwa msumari wa moto. Wasiojua desturi hii: vyombo vyetu husafiri. Kukiwa na harusi au matanga, sufuria na miko ya mtaa mzima hukutana jiko moja, na kila mama huweka alama yake ili chombo chake kirudi nyumbani. Alama ya Bi Mwanaisha ni nukta tatu kwa mstari. Zimo kwenye sufuria, kwenye kinu, na nadhani angekuwa na nafasi angezitia hata kwa wanawe.

Nikachonga kisamaki cha urefu wa kidole. Nikakipaka rangi ya kucha ya machungwa, ya binti yangu. Zile nukta nikaziacha ubavuni, maana zilipendeza. Nikatia ndoana ya meno matatu tumboni. Ukikirusha kinaelea, ukikivuta kinatapatapa juu ya maji kama dagaa aliyepatwa na habari mbaya.

Jumapili moja tuko Malindi kwa Bi Mwanaisha, ambaye sote twamwita Mama, familia nzima, nikakitoa kwenye mkoba nikakiweka mezani.

Athumani alikichukua, akakigeuza pande zote.

"Shemeji. Samaki hupikwa na mwiko. Samaki hali mwiko."

Watu wakacheka hadi watoto waliokuwa nje wakaja kuuliza kuna nini. Na mimi, ambaye nina shahada mbili na akili ya kunitosha siku nyingine zote, nikaweka ahadi mbele ya kadamnasi. Ndani ya mwezi, samaki wa hori la Kilifi atakula mwiko. Akila, Athumani atapika pilau ya familia nzima, amejifunga leso, peke yake. Asipokula, fimbo yangu inabaki kwa Mama iwe ya kuangulia maembe.

Hakimu: Bi Mwanaisha. Hakuna rufaa.

Msicheke. Fimbo ile ndiyo kitu pekee nilichowahi kujinunulia kisicho na faida kwa mtu mwingine yeyote ndani ya nyumba. Niliipenda kwa sababu hiyo hasa.

Majuma yakapita bila kitu. Nilivua mfuko wa nailoni, nikavua kandambili, nikajivua heshima mbele ya wanafunzi wangu wawili waliopita na mashua.

Kisha ikaja ile Jumamosi. Mimi na Athumani tuko kwenye majabali, maji yanajaa. Adhuhuri yeye akakunja mshipi wake akaenda kuswali. Mimi nilikuwa nimebaki na viazi vya karai na ukwaju wake, na kazi ya kufunga upya chambo.

Wakuu mnaojua mnajua. Fundo la mshipi wa nailoni huloweshwa kwa mate kabla ya kukazwa. Ukilikaza kavu, nailoni hujichoma yenyewe ikawa dhaifu. Mmeandika humu mara nyingi, mmenihimiza.

Lakini mdomo wangu ulikuwa umejaa kiazi. Nikalikaza kavu.

Nikarusha. Nikavuta kidogo. Nikavuta tena.

Maji yakapasuka.

Sijui nieleze vipi. Ni kama mtu ametupa mlango baharini. Nilimwona, wakuu, ubavu wa fedha, mkia wa manjano, kolekole mkubwa kuliko paka wetu, na mwiko wa harusi yangu ukipotelea kinywani mwake. Rili ikalia. Fimbo ikainama hadi nikaiombea. Nilipiga vigelegele, peke yangu, na kiazi bado kinywani.

Halafu, tap. Kimya. Mshipi mwepesi kama uzi wa kushonea.

Athumani aliporudi alinikuta nimelowa hadi kiunoni, namwonyesha bahari kwa kidole.

"Ameula! Shemeji, ameula mwiko!"

"Yuko wapi?"

"Amekata mshipi."

Akatazama maji. Akanitazama mimi. Akatoa kipande cha kiazi begani mwangu kwa upole mkubwa.

"Hilo lilikuwa jiwe, shemeji. Mawe ya hapa yana nguvu sana."

Kufikia jioni nilikuwa Bi Jiwe kwenye grupu ya familia. Kila alfajiri Athumani alituma ujumbe wa sauti: "Bi Jiwe, jiwe laamkaje?" Shangazi mmoja aliye Mambrui, ambaye hata hajui habari yenyewe, akaanza kuniita Bi Jiwe kwa heshima kabisa.

Nilimpigia Mama nikamweleza. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Nakuamini mwanangu. Lakini hakimu hahukumu kwa mapenzi. Niletee samaki."

Nikachonga kingine kutoka kipande cha mpini kilichobaki. Hakikuguswa hata na kaa. Jumamosi ya mwisho ya ahadi nilikuwa chuoni nasahihisha mitihani, na saa za alasiri picha ikaingia kwenye grupu: Athumani juu ya majabali yaleyale, ameshika kolekole mnene, anacheka meno yote nje. Chini ameandika, "Mawe nimewaachia wenyewe. Huyu ni wa Mama, kwa ngisi."

Akampeleka Malindi jioni ileile. Akamparua magamba, akamtoa matumbo, akamkata vipande, na kichwa akakiweka kando kizima kwenye friji. Katika nyumba ile kichwa cha samaki ni cha Mama. Hakipasuliwi na mtu mwingine, hata matamvua huyatoa mwenyewe. Mtoto anayegusa kichwa hukumbushwa nani alimnyonyesha.

Jumapili asubuhi nikaifuta fimbo kwa kitambaa, nikaitia mafuta kwenye rili, nikaiweka kwenye buti kwa safari ya mwisho. Salim aliendesha polepole kuliko kawaida. Ni mume mwema.

Kabla sijamalizia, niweke funzo hapa, kwa sababu baada ya yatakayofuata sina cha kuongeza. Lowesheni fundo, wakuu. Hata kama unakula, tema kwanza. Na ukipata kitu kinachokufurahisha wewe tu, usikiite cha mume wako, maana siku ya kukipoteza utalilia mali ya mtu. Wenye uzoefu na kolekole niambieni: samaki mwenye ndoana kooni huchukua muda gani kabla ya kula tena? Na nani mwingine humu amewahi kuitwa mwongo kwa sababu ya fundo? Andikeni, nitasoma yote.

Basi. Tulisimama Tezo kununua nanasi za kumpelekea Mama. Simu ikalia. Ni yeye.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba. Uko wapi?"

"Tezo, Mama. Tunakuja. Fimbo ninayo."

"Ule mpini wangu wa mwiko uliufanya nini?"

"Si nilikuonyesha, Mama. Niliuchonga."

"Ukaupaka rangi ya machungwa?"

Nilisimama katikati ya nanasi.

"Nimepasua kichwa cha samaki wa Athumani," akasema. "Kooni mna kijiti. Nimekiosha. Nukta zangu tatu hizi hapa, kwa mstari."

Nyuma yake nikamsikia Athumani, sauti imepanda juu kama ya kinda: "Mama, huo labda ni mfupa!"

"Mfupa wapakwa rangi ya kucha?" Kisha akarudi kwangu, taratibu, kwa sauti ya mtu anayevaa miwani. "Fimbo usiitoe garini, mwanangu. Na usikimbie barabarani, chakula kitachelewa. Mpishi ndiyo kwanza ananiuliza vitunguu hukaa wapi."