Dawa ya Kunguni na Ukoo Wake

Juzi, katika duka moja la Mji wa Kale, nilimwona mama mmoja amekamata kopo la dawa mpya ya kunguni, halilipii wala halirudishi. Mke wa mwanawe ni mjamzito.

"Haitamdhuru mtoto aliye tumboni?" akauliza.

"Hajaja mtu kulalamika, mama," muuzaji akajibu.

"Aliye tumboni atakuja kulalamika kwa miguu gani?"

Muuzaji akacheka. Mama hakucheka.

"Binti yako alipoletewa posa, uliuliza nini kwanza?"

"Ukoo wa kijana."

"Basi hii ni ya ukoo gani? Imetoka kwa dawa zipi, na hizo ziliwafanya nini watu na vizazi vyao?"

Muuzaji akaligeuza kopo pande zote, akitafuta maandishi. "Labda wakala anayeiingiza, kule bandari ya Kilindini, anajua."

"Mpigie simu. Mimi nipo." Akavuta kibao, akaketi.

Nasikia Ulaya ziko mashine zinazopiga hesabu kufumba na kufumbua. Naziombea kazi hii ya mama: zichunguze ukoo wa kila dawa kabla haijapanda meli.

Kopo langu la dawa hiyohiyo nilishalilipia kabla mama hajaingia. Mpaka leo sijalifungua, na kunguni wananitafuna.