Nilimsahihisha Mwalimu Asiyeona

Nimeharibu kazi ya maisha ya mtu. Sikuiharibu kwa bahati mbaya wala kwa kutojua. Niliiharibu kwa makini, nimekunja uso kama daktari anayesafisha kidonda, nikiamini namfanyia hisani. Nisikilizeni kwanza, halafu mnitukane. Mimi mwenyewe hujitukana kila asubuhi ninapofungua duka.

Nina steshenari Kariakoo, chumba kimoja chini ya ghorofa la wauza vitenge. Nachapa barua za kuomba kazi na kutoa kopi. Mimi ni mtu wa kurudiarudia. Nikiona nukta imekaa vibaya kwenye barua ya mteja naichapa upya, hata kama mwenyewe ameridhika na anataka kuondoka. Kucha zangu nimezitafuna zimeisha.

Kilatini nilijifunza peke yangu. Msicheke! Mchikichini kulikuwa na mama anafungia karanga kwa kurasa za kitabu cha sarufi, sijui kimetoka parokia gani. Nikanunua kilichobaki. Tangu hapo wenzangu wakitazama tamthilia, mimi nanyambua vitenzi vya Warumi. Chuo sikufika. Basi nikawa na kiburi kuwashinda waliofika.

Siku moja akaingia mzee anapapasa ukuta, ana karatasi ya kutoa kopi. Nikaitupia jicho, nikaisoma kwa sauti. Kilatini!

"Nani kakufundisha, binti?" akauliza, ameshtuka kweli.

"Mwenyewe tu. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu! Marahaba!" Alicheka mpaka akakaa.

Huyo ndiye Mwalimu. Mtu wa kusini, aliyeanzia seminari, akaishia kufundisha ushairi wa Kirumi chuo kikuu. Chuoni walimwita Mzee wa Maiti, kwa kuwa alifundisha lugha iliyokufa. Uprofesa walimnyima. Walisema kutafsiri si utafiti. Kijana ambaye Mwalimu mwenyewe ndiye aliyempokea idarani akapanda, akawa Profesa, akawa mkubwa wake. Mwalimu akastaafu hana cheo, na macho yakaanza kuzima. Kitu kimoja tu alikuwa anakitaka kabla hayajazima kabisa: kitabu cha tafsiri zake, mashairi ya Kirumi kwa Kiswahili, kitoke na wale waliomcheka wakisikie.

Tukakubaliana. Yeye anasema, mimi nachapa.

Sasa, namna yake ya kutafsiri. Jioni, baada ya alasiri, alikaa na wazee kwenye baraza jirani na duka langu, kahawa na kashata katikati, akawasomea ubeti. Ubeti ambao hakuna aliyeurudia kesho yake, aliutupa. Ulioimbwa na mtu njiani, aliubakiza. Hiyo ndiyo ilikuwa mizani yake!

Mimi nilikuwa nasikiliza dirishani, nimebinua mdomo. Wazee wa kahawa! Hawa ndio wa kumhukumu mshairi wa Roma? Mkubwa wao alikuwa Mzee Shomari, fundi cherehani mstaafu, mdomo wake mkali kama mkasi. Yeye na Mwalimu walikuwa watani.

Kulikuwa na shairi la mwanamume aliyefungiwa nje na mpenzi wake, ananyeshewa, anaulalamikia mlango. Kwa Kilatini anauachia mlango shada la maua.

"Shada?" Mzee Shomari akadakia. "Mtani, huyo Mrumi wako anakwenda kwa mwanamke au anakwenda makaburini?"

"Kwao ni mapenzi, mtani."

"Kwao ni kwao. Hapa ukiniwekea shada mlangoni, mke wangu ataanza kupika uji wa matanga. Mpe kikuba! Asumini na mrehani, mwanamke ajue kaja mtu."

Baraza zima likacheka. Mwalimu akafumba macho, midomo inacheza, kisha akatoa hivi:

*Komeo acha kiburi, chuma wewe si sultani,*
*Nimelowa nasubiri, kikuba ki mkononi.*

Kesho yake muuza kahawa alikuwa anaimba. Mpaka wasukuma mikokoteni walikuwa wanaimba!

Mimi nikaona uchafu. Sultani katoka wapi? Kikuba kiko mstari gani wa Kilatini? Nikasema moyoni: mzee kachoka, anawafurahisha wavivu. Nikajiona mimi ndiye wa mwisho duniani ninayemheshimu yule mshairi.

Basi nikafungua faili la pili. Katika la kwanza niliweka maneno ya Mwalimu. Katika la pili niliweka ya kwangu, neno kwa neno, safi, sahihi. Mwalimu alipotaka nimsomee, nilimsomea la kwanza. Alitikisa kichwa kwa raha, akasema, "Mungu akubariki, wewe ndiye macho yangu."

Mchapishaji nilimpelekea la pili.

Halafu, kwa kuwa siwezi kuvumilia vitu viwili vinavyopingana ndani ya kompyuta moja, la kwanza nikalifuta! Hivyo ndivyo nilivyo. Nililifuta kama mtu anayefuta vumbi mezani, nikanywa chai.

Siku ya uzinduzi ikafika. Ukumbi wa chuo, mchana, viti vya plastiki vimevalishwa vitambaa vyeupe. Wazee wa baraza walikuja wote, kanzu zimepigwa pasi, wamekaa mstari mmoja kama ndugu wa bwana harusi. Mzee Shomari alimwambia kila aliyekaa karibu, "Kuna neno langu mle. Subiri uone."

Profesa, yule yule aliyempita Mwalimu, ndiye aliyeombwa kusoma. Akafungua shairi la mlango. Akasoma:

"Ewe komeo la mlango usiotikisika, lipokee shada hili la maua, lililoloweshwa na machozi yangu."

Kisha mwanafunzi mmoja huko nyuma akauliza, si kwa sauti ndogo, "Kwani nani kafa?"

Ukumbi ukalipuka. Wazee wa baraza hawakucheka. Mzee Shomari alikuwa bado amefungua kinywa, anangoja neno lake.

"Endelea," Mwalimu akasema. Profesa akasoma shairi jingine. Na jingine. Yote kama barua za kuomba kazi. Mwalimu akageuza uso polepole akanitafuta, ingawa hawezi kuniona.

Profesa akafunga kitabu. "Ndugu zangu, nilimwambia mwenzangu miaka mingi iliyopita. Maiti hafundishwi Kiswahili." Wakacheka tena. Kwa adabu safari hii, na ndiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Mwalimu akapewa kipaza sauti. Nilijua atanitaja. Nilistahili! Akasema tu, "Makosa yote yaliyomo ni yangu." Akakaa.

Hapo ndipo nilipotakiwa kusimama. Kusimama tu, niseme ni mimi! Nilibaki nimekaa. Na mnajua nilikuwa nafikiria nini? Kwamba ukurasa ule hauna hata kosa moja la chapa. Nijidharau kiasi gani ndipo itoshe?

Kesho yake alikuja dukani, Mzee Shomari kamshika mkono.

"Shikamoo, Mwalimu."

Hakuitikia.

"Ulinisomea yangu, ukachapa yako," akasema.

"Nilitaka iwe sahihi, Mwalimu."

"Sahihi." Alilitamka kama mtu aliyeng'ata mchanga kwenye wali. "Wale wa chuo wamenidharau maisha yangu yote, lakini wamenidharau usoni. Wewe umenidharau huku unaniagizia chai."

Nikalia. Nikamwambia tuanze upya, aseme tena yote, nitachapa kila herufi. Akatikisa kichwa.

"Mimi nilikuwa nasema, nikishasema najua kuna mtu ameshika. Sasa sijui nani ameshika nini. Nimechoka, binti."

Mwezi haukuisha, binti yake akamchukua wakarudi Masasi. Simu yangu hapokei.

Vile vitabu havikununuliwa, mchapishaji hakuvitaka tena, vimejaa kwangu. Nafungua, nasoma. Ni sahihi. Ni sahihi kabisa, na hakuna binadamu atakayeimba hata mstari wake mmoja akiwa anaoga.

Tafsiri za Mwalimu hazipo kwenye karatasi yoyote. Zipo kwenye vinywa vya wale wazee niliowabinulia mdomo. Kila mmoja ana vipande vyake. Nilikwenda barazani na kompyuta mpakato, nikapiga magoti mbele ya Mzee Shomari, nikamwomba anisomee, nirekebishe, tumpelekee Mwalimu kitabu chake cha kweli.

Alinywa kahawa yake mpaka chini. "Kachukue kwenye kompyuta yako, mama mkubwa," akasema. "Sisi wazee wa kahawa tunajua nini?" Wenzake wakatazama pembeni.

Ninyi wenzangu mnaojifunza wenyewe, mnaojua kidogo mkadhani mnajua yote, nawaomba. Ukipewa kazi ya mtu uishike, ishike kama ilivyo. Ukiona kosa, mwambie usoni, akufukuze ikibidi. Wala usiwadharau wale anaowasomea, maana siku ukiipoteza, ni wao watakaokuwa nayo, na hawatakuwa na sababu ya kukupa.

Kila jioni bado nakwenda. Nikiwa mbali kidogo nasikia wanaimba beti ambazo hata mimi nimezisahau, wanacheka, wanapokezana. Nikikunja kona tu, kimya. Jana Mzee Shomari aliniangalia akaanza taratibu, "Komeo acha kiburi..." akaishia hapo, akamimina kahawa.

Nikasimama pale pale, na kompyuta yangu kifuani.