Neno Walilompa Kaka Abdulshakur

Kaka yangu Abdulshakur, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa mchinjaji kwenye kichinjio kidogo nje ya Isaka. Hakuchinja mnyama mbele ya mwenzake. Alfajiri aliwafunga ng'ombe mahali tofauti: mmoja nyuma ya tangi la maji, mwingine kwenye mwarobaini, mwingine nyuma ya choo, ili yeyote asione damu kabla ya zamu yake. Kisu alikificha chini ya koti.

Masalu, mfugaji aliyeleta mifugo pale, alimtania. "Abdul, unawaficha kama maharusi."

"Wewe ungependa kumwona jirani yako akichinjwa huku unangoja zamu?"

"Inategemea jirani. Kuna mmoja ningemtazama."

Mwaka jana akaja ofisa mgeni na watu wa redio. Akaona ng'ombe huku na kule, akasema mahali hapa ni "shambolic". Hakuuliza kwa nini wamefungwa vile. Akaagiza wapangwe mstari mmoja mlangoni.

"Dini imeniagiza kumhurumia mnyama," kaka akamjibu. "Nikiacha hilo, nimebaki na kisu tu."

Wakamwondoa kaka, wakaleta mchinjaji mwingine.

Nilimuuliza Donatus, jirani yetu anayefundisha Kiingereza, maana ya neno lile.

"Shaghalabaghala, Mama Raudha. Hakuna kitu kilicho mahali pake."

Akafungua kamusi yake kubwa. Akaanza kucheka, akaacha alipouona uso wangu. Alisema neno hilo limetokana na jina la kibao cha kukalia, ambalo baadaye likawa la meza ya kuuzia nyama, halafu la machinjio yenyewe, kisha la mahali palipotapakaa damu, na mwisho la fujo yoyote.

Nilimpelekea kaka habari hiyo nikidhani itamchangamsha. Alikuwa kitandani, moyo umemchoka tangu wamwachishe kazi.

"Kumbe hata huko kwa Waingereza walichinja wanyama mbele ya wenzao," akasema, akageukia ukutani. Hakuona Ramadhani.

Masalu alitoa ng'ombe wa hitima, na ng'ombe huyo ikabidi apitie kichinjioni. Alisimamishwa kwenye mstari, akawaona waliomtangulia wakichinjwa. Masalu alinieleza alivyotetemeka mpaka kamba ikakatika.

Nyama ikaja. Wageni wakala, wakamwombea marehemu, nami nikagawa sahani. Yangu sikuigusa. Imamu alituhimiza kusamehe. Nimeswali, nimeomba, lakini ofisa yule sijamsamehe.