Buchani Waligombana kwa Ajili ya Kitabu cha Shangazi

Shangazi yangu alifanya kazi ya swichibodi wizarani mpaka akastaafu. Chumba chake kilikuwa chini ya ngazi, hakina dirisha, na kutwa nzima alipokea simu za wakubwa na kuziunganisha. Mawaziri aliwajua kwa sauti, wala si kwa sura. Fulani akikohoa kabla ya kusema "haloo", shangazi alishajua leo kuna mtu atapoteza kazi.

Alipostaafu, wenzake walifungua maduka, wengine wakafuga kuku. Yeye alikaa kwenye meza ya chakula akaandika riwaya. Aliiita *Laini ya Tatu*. Serikali iko mbioni kupinduliwa. Katibu wa rais anaisikia njama nzima kwenye simu, anajua nani na nani wamo, halafu anarudisha mkono wa simu mahali pake, anavaa koti na kwenda zake nyumbani. Kurasa mia saba na ushee. Mchapishaji wa kwanza alimwambia aikate nusu. Shangazi akakusanya mswada wake, akaaga kwa adabu, akatoka. Wa pili alikubali, ila kwa kuguna.

Kitabu kilipotoka, ukoo mzima ulimmwagia sifa. "Hongera wifi, umetutoa kimasomaso!" Mama yangu alikiweka sebuleni kando ya televisheni, wageni wakione. Ukweli ni kwamba hakuna aliyekuwa amekisoma, mimi nikiwa wa kwanza. Shangazi alitunasa kirahisi tu. Tukiwa tumekaa kwake siku moja, akauliza, "Na yule dereva mlimwonaje?"

"Dereva mtu mzuri sana, shangazi," nikasema, na wote wakaitikia.

Kwenye kitabu hamna dereva. Hakutusuta. Alituongezea chai, akaenda jikoni, akakaa huko muda mrefu.

Aliyekisoma kweli ni mumewe, mwenye bucha sokoni, mtu tunayemwita Bwana Kilo kwa jinsi anavyotunza mizani yake. Hakuwa msomaji. Lakini alikitia kitabu ndani ya mfuko wa nailoni, akakiweka kando ya mizani, na wateja wakipungua alinawa mikono na kusoma. Wateja wakaanza kuuliza, naye akaanza kuazimisha. Shangazi hakuambiwa lolote.

Jumamosi moja shangazi alinichukua nimsindikize kufuata mbavu buchani kwa mumewe. Kabla hatujafika mlangoni tukasikia watu wanapandishiana sauti. Nilidhani mtu kapunjwa nyama.

"Katibu ni mwoga, basi!" Huyo alikuwa nesi wa zahanati ya jirani, bado na sare yake. "Watu wanaweza kufa, yeye anavaa koti! Nilikitupa ukutani hicho kitabu."

"Na ukakiokota," akasema polisi mstaafu wa mtaa wetu.

"Nikakiokota, ndiyo. Nimalizeje?"

"Angepiga simu angempigia nani? Wote walishanunuliwa. Katibu ana akili kuliko sisi sote humu. Kinachonikera mimi ni walinzi wa ikulu. Wanabadilishana zamu wote kwa pamoja! Wapi umeona?"

Mwalimu mkuu wa shule ya msingi akatikisa kichwa. "Kirefu mno. Hadithi nzuri, lakini ni ndefu mno."

Nilitaka kuingia niwanyamazishe. Shangazi akanishika mkono, akanibana hasa.

Ndipo tukamsikia Bwana Kilo, kisu kikigonga gogo. "Mwalimu kasema kweli. Pale katikati pamelala. Kile chakula cha jioni kwa waziri, maneno meengi! Ningekuwa mimi, ningekifyeka chote."

Akainua macho, akamwona mkewe mlangoni.

"Mke wangu... umefika sasa hivi?"

"Nimefika tangu mkiwa kwa katibu," shangazi akasema. Akavuta kreti la soda, akakaa. "Endeleeni."

Ikabidi aanze mwenyewe, akamgeukia polisi. "Hapo kwa walinzi umenishika, kaka. Sikujua. Utanieleza inavyokuwa." Kisha akamtazama mwalimu. "Lakini kile chakula sikifyeki. Mkubwa akitaka kumwangusha mwenzake haanzi na bunduki, mwalimu. Anaanza kwa kumuuliza watoto hawajambo, mama hajambo, na shamba je. Nimeyasikia mno hayo, na hayajawahi kuwa mafupi."

"Nimekuelewa," mwalimu akajibu, "na bado ni marefu."

"Basi ni marefu!" Shangazi akacheka kicheko ambacho sikumbuki kukisikia toka kwake tangu kitabu kitoke. Nesi akapata nguvu, akamrudia katibu upya, polisi akamjibu, na mbavu zetu hazikupimwa mpaka baadaye sana.

Tulipotoka, shangazi alitembea kifua mbele, kanga yake ikimteleza begani asiijali. "Umemsikia mume wangu?" akaniuliza. "Mbele za watu! Ameisoma ile sura mpaka imemchosha." Alisema hayo kama mtu aliyevishwa nishani. Na mimi, niliyempa sifa za bure, nilimwonea fahari isiyo na mfano, na aibu kidogo pia.

Toleo la pili lilipochapishwa, walinzi walibadilishana zamu kwa utaratibu, na polisi akashukuriwa ukurasa wa mbele. Kile chakula cha jioni kilibaki vilevile, hakikupungua hata tonge.

Mimi nilianza kukisoma kitabu siku ileile tuliyotoka buchani. Nilipomaliza nilikwenda kwa shangazi nimevimba kwa hasira, nikamkuta anachambua mchele.

"Yule mke wa waziri, pale kwenye chakula cha jioni," nikamwambia kabla hata sijakaa, "hukumtendea haki hata kidogo!"

Akaweka ungo chini, akajifuta mikono. "Hakupata haki wapi? Nioneshe."