Woga wa Mafiga

Nilikuwa bado mtoto wa kutumwa chumvi tulipohamia kijiji cha ujamaa, karibu na Kimamba. Bibi, mzaa mama, alikataa kuyaacha mafiga yake matatu. Jiko, alisema, halianzwi kwa mawe ya kuokota. Yakatiwa guniani, yakapandishwa kwenye lori. Nami, kwa kukosa pa kukaa, nikalikalia gunia lile mpaka tukafika.

Kwetu kila mtoto alijua kwamba anayekalia figa humuua mama yake. Sikumwambia mtu. Nikajitungia dawa: kabla ya kwenda shule, nililigusa kila figa mara tatu. Nikihisi nimekosea hesabu, naanza upya. Siku nyingine nilikwisha fika relini, nikarudi mbio. Kinachonishangaza mpaka leo ni kwamba nilijua ni upuuzi. Mawe ni mawe, nilijiambia, huku mkono unakwenda.

Mwalimu alinichapa kwa kuchelewa, wala haikusaidia. Asubuhi moja niliyagusa moto ukiwaka. Mama aliona malengelenge vidoleni, akanikalisha, nikamweleza yote kwa kilio.

Bibi alitaka kunikosha kwa majani. Mama akamwomba, kwa heshima zote, asubiri kwanza. Nilitegemea aniambie mwiko ule ni uongo, hakusema hivyo. Alichukua jembe lake la shamba la kijiji, akanishika mkono ule mzima.

"Leo huyagusi."

"Ukifa je, mama?"

"Kufa nitakufa, mwanangu, siku ikifika. Wewe uchukue huo woga wako, twende nao."

Nililia njia nzima hadi shuleni. Mchana nilikimbilia shambani kumtazama. Alikuwa anapalilia pamba, anataniana na wenzake. Kesho yake tukafanya vilevile, na kesho kutwa. Kuna siku nilimwibia nikagusa, sitaficha, lakini siku hizo zikazidi kupungua.

Ukubwani, daktari mmoja wa Morogoro aliniambia ule ulikuwa ugonjwa, una jina na una tiba. Alipoieleza tiba yenyewe nilicheka, maana ilikuwa ileile ya mama, akadhani namdharau. Bibi naye simlaumu. Nadhani waliouweka mwiko ule walitaka tu watoto wakae mbali na moto.

Mama alifariki akiwa ameona vitukuu. Nilipokuwa namwosha pamoja na dada zangu, sauti ile ya zamani ikaninong'oneza kwamba ni mimi niliyemuua. Niliisikia vizuri sana. Nikachota maji mengine, nikaendelea kumwosha mama yangu.