Siku Bukuru Aliporudi

Kuna siku moja ambayo siachi kuikumbuka, mwanangu, ingawa nimejaribu kuisahau kwa miaka mingi. Ilikuwa Kibondo, mchana wa mvua ya rasharasha na ukungu uliogoma kuondoka. Mimi nilikuwa msichana wa miaka ishirini na mitatu niliyejiona najua kompyuta kuliko waliozitengeneza. Nimeona umenunua diski mbili za kufunga kwenye mashine yako, bado ziko kwenye maboksi. Basi kabla hujashika bisibisi, kaa kidogo unisikilize. Hiyo simu yako itakusubiri, haina pa kwenda.

Kwanza ujue jina langu limetoka wapi. Wewe umezoea kuniita bibi, lakini naitwa Butoyi. Kwetu Heru Juu, vilimani karibu na Kasulu, kama kwa ndugu zetu Warundi, jina hilo ni la pacha mdogo, na mkubwa wake huitwa Bukuru. Nilikuwa na Bukuru wangu. Tulipofika miaka minne aliugua wiki moja, na baada ya hapo sikumwona tena. Mama hakuwahi kutamka kwamba amekufa. Alisema, "Bukuru katoka." Nami nikafundishwa kujibu hivyohivyo kila nilipoulizwa mwenzangu yuko wapi. Kwa miaka mitatu mama aliendelea kupakua sahani mbili, ya Bukuru kwanza, kisha yangu, na mimi nilisubiri ile ya kwanza itengwe ndipo nianze kula. Kwetu mkubwa alitangulia hata kama hayupo, na sikuona ajabu yoyote.

Nilipokua nikapata kazi Kasulu mjini kwa Fundi Gervas, mtu wa Kakonko aliyeanza kwa kutengeneza redio akaishia na studio ya kurekodi kwaya. Studio yenyewe ilikuwa chumba kimoja chenye magodoro ukutani na kompyuta kubwa ya mezani. Fundi alikuwa amechoshwa na diski zinazokufa na nyimbo za watu tumboni. Akaagiza mbili zinazofanana, akaziunganisha kwa ule mpango ambao mafundi wanauita RAID. Usitishwe na jina, maana yake ni diski kadhaa zinazofanya kazi kama moja. Iko namna ya haraka, ambapo kila wimbo unakatwa vipande, nusu huku nusu kule, na diski moja ikifa umepoteza vyote. Nadhani hiyo ndiyo unayoitamani wewe kwa ajili ya magemu yako. Fundi alitaka namna ya kioo: kinachoandikwa kwenye hii kinaandikwa wakati huohuo kwenye ile, ili moja ikifa nyingine iendelee na kazi.

Nilipoziona zimefungwa moja juu ya nyingine nilicheka. "Fundi, hawa si ni mapacha?"

"Basi wape majina," alisema, bila kuinua kichwa.

Nikakata plasta mbili, nikaandika kwa kalamu: Bukuru kwa ya juu, Butoyi kwa ya chini. Mkono ulisita kidogo nilipokuwa nabandika ile ya kwanza. Lakini nilikuwa kijana, nikaona ni utani mzuri tu.

Baadaye ilikuja kwaya kutoka Kibondo, watu wenye asili ya Burundi ambao wengi wao ni Watanzania leo. Aliyeongoza alikuwa binti mmoja, Imelda, mwembamba, mcheshi, asiyetulia kwenye kiti. Wimbo wao ulikuwa wa kuitana: yeye anaita peke yake, kwaya inamwitikia. Siku ya kwanza tulirekodi vyombo na waitikiaji. Imelda alikaa karibu na mlango akisubiri zamu, na zamu haikufika. Fundi aliamua sauti yake aichukue wiki inayofuata, akiwa peke yake, itoke safi.

Kabla wiki hiyo haijafika, asubuhi moja, niliwasha mashine na skrini ikaandika maneno mekundu ya Kiingereza. Diski ya kwanza haionekani. Chini yake: bonyeza kitufe chochote uendelee.

Bukuru alikuwa ametoka.

Fundi alikuwa nje, hatua kumi tu kutoka nilipo, anakunywa chai. Nilichotakiwa kusema ni kwamba diski moja imekufa au waya umelegea, aje afungue aone. Nikafungua mdomo. Mwanangu, sijui nikuelezeje. Neno lile lilikataa kutoka, kama vile mama alikuwa amesimama nyuma yangu na kijiko cha kupakulia. Nikabonyeza kitufe. Mashine ikafunguka, nyimbo zote zipo, nikajiambia nitasema kesho.

Kesho hiyo ilichukua miezi mitano. Kila siku nilijitahidi kufika wa kwanza, niyaone yale maneno mekundu peke yangu na kuyaondoa kabla Fundi hajaingia. Yalinitisha, na sikutaka mtu mwingine ayaone. Siku nyingine nilijikuta nikiyajibu kwa sauti, "Katoka," ndani ya kile chumba cha magodoro ambamo sauti haina mwangwi, inamezwa palepale. Halafu nilikuwa nageuka kutazama nyuma, na hapakuwa na mtu.

Imelda alirudi wiki iliyopangwa, akaimba. Butoyi, ile diski ya chini, iliandika peke yake. Binti yule aliita, mwanangu, mpaka Fundi akasahau kuzima mashine wimbo ulipokwisha. Hatukumpa mtu nakala hata moja, kwa sababu kwaya ilitaka nyimbo nane zitimie ndipo zichomwe kwenye CD.

Hazikutimia. Mvua kubwa zilipoanza tuliletewa habari kwamba Imelda ameumwa malaria siku tatu, amefariki. Baada ya wiki kadhaa mama yake alituma ujumbe kwa Fundi. Walikuwa wanamaliza matanga, naye aliomba kitu kimoja tu, asikie ule wimbo. Alisema picha ya mwanawe anayo, lakini sauti inamtoka masikioni kidogo kidogo, na anaogopa itafika siku ataamka haikumbuki kabisa. Fundi akaapa kwamba mashine yenyewe ataipeleka Kibondo, maana kulikuwa na kwaya nyingine huko ya kurekodi kanisani.

Siku hizo barabara ya Kasulu kwenda Kibondo ilikuwa tope na mashimo. Tuliifunga mashine kwa mablanketi, nikaipakata kwenye gari kama mgonjwa, inaruka na mimi naruka nayo. Tulipofika tulipewa chumba cha pembeni ya kanisa. Fundi akawasha jenereta nje, akaniachia niwashe mashine, akaenda kusalimia wazee.

Niliwasha nikingoja maneno yangu mekundu. Hayakuja. Skrini iliandika mambo mengine: diski zote mbili zinaonekana, ila hazifanani. Ninakili kutoka ipi kwenda ipi?

Leo najua kilichotokea. Waya wa diski ya juu ulikuwa umelegea miezi yote ile, na yale mashimo yakausukuma ukashika tena. Lakini siku ile sikufikiria waya. Nilisema kwa sauti, "Bukuru karudi," nikacheka peke yangu, na machozi yananitoka. Miezi mitano ya kuficha ilikuwa imekwisha, hakuna atakayejua. Mashine ilikuwa inauliza swali ambalo nyumbani kwetu lilikwisha kujibiwa kabla sijajua kusema: nani anatangulia? Mkono wangu haukusita. Nikachagua Bukuru.

Kazi ile ilichukua karibu saa mbili. Asilimia moja, mbili, tatu, na mimi nimekaa pale natabasamu, nikitazama Bukuru akijiandika juu ya Butoyi.

Ilipomaliza, nikafungua. Kitu cha kwanza nilichokiona ni orodha ya kazi ambayo Fundi alikuwa anaiweka kwenye skrini. Niliijua orodha ile, ilikuwa imefutwa zamani. Ilikuwa imerudi, na mstari wa mwisho ulisema: Imelda, wiki ijayo.

Nilitafuta nyimbo za miezi ile mitano, moja baada ya nyingine. Hakuna. Mashine ilikuwa imeamka siku ileile Bukuru alipotoka. Kwake harusi tulizorekodi miezi ile hazijafungwa, mvua hazijaanza, na Imelda yuko hai, anangoja wiki ijayo.

Bado nimeshika meza pale, Fundi akaingia na Mama Imelda. Alikuwa mwanamke mfupi, amejifunga kitenge mpaka mabegani kwa ile baridi, na alinisalimia kwa mikono yote miwili. Alikaa kwenye benchi, akaweka kitambaa tayari mapajani. Nilitaka kusema. Naapa kwamba nilitaka. Nikakaa kimya tena, mara ya pili, na Fundi akanyoosha mkono akaufungua wimbo.

Kwanza ulisikika mlio wa kiti kinachosogezwa. Halafu, kwa mbali, karibu na mlango, sauti ya binti ikauliza:

"Mimi bado?"

Sauti ya Fundi ikajibu, "Bado, Imelda. Subiri kidogo."

Ngoma zikaanza, gitaa likaingia, kisha pakafika mahali pa Imelda kuita, na hapakuwa na kitu. Vyombo vinakwenda, nafasi iko wazi. Halafu kwaya nzima ikaitikia kwa furaha, watu ishirini wanamjibu mtu asiyekuwepo. Tena nafasi, tena wakaitikia. Fundi alikuwa ananitazama, uso umebadilika rangi. Sikuwahi kusikia kitu cha kutisha namna ile, na hakikuwa na ubaya wowote ndani yake, ni watu wanaimba tu.

Mama Imelda hakulia. Aliinamisha kichwa, akasubiri nafasi iliyofuata, na ilipofika akasema ndani yake, polepole, kwa Kirundi: "Ngwino, mwana wanje." Njoo, mwanangu. Kwaya ikamwitikia yeye. Alifanya hivyo kila nafasi mpaka wimbo ukaisha, na mimi nilikuwa nimeziba mdomo kwa viganja.

"Ile ingine iko wapi?" aliuliza. "Ile aliimba mwenyewe?"

Ndipo nikasema yote. Maneno mekundu, miezi mitano, asilimia, plasta na majina yake, na kwa nini nilimchagua Bukuru. Fundi alitoka nje akazima jenereta kwa hasira mpaka nikaisikia mvua juu ya bati. Baadaye alihangaika na ile diski ya chini kwa wiki nzima, akaipeleka hata kwa wajuzi wa mbali. Kilichokuwemo kilikuwa kimefunikwa na maandishi ya Bukuru, hakuna alichokipata.

Mama Imelda alinigeukia. "Kumbe weye ni pacha," alisema. "Na wa kwenu hakurudi."

"Ego, mama," nikamjibu, yaani ndiyo. "Hakurudi."

"Ukimpokea mtu amerudi, umwulize kwanza alitoka lini. Atakuja na habari za siku ile. Za leo hazijui." Akakunja kitambaa chake kikavu. "Na ungesema, mwanangu. Siku ya kwanza. Ungesema tu."

Hakunilaani, na hilo ndilo linalonitesa mpaka leo. Aliomba kile kipande kilichobaki, swali na nafasi tupu, Fundi akamtolea kwenye kaseti. Naambiwa aliicheza mpaka utepe ukachakaa, na kila mara alijibu.

Jumapili iliyofuata nilipanda kwenda Heru Juu. Mama alikuwa anachambua maharage. Nikakaa mbele yake nikamwambia, "Mama, Bukuru alikufa." Ungo ulimwanguka. Alinifokea, akanikataza, kisha akalia kilio ambacho kilikuwa kimekaa ndani yake miaka kumi na tisa, nami nikalia naye. Jioni alipakua sahani moja tu, akanipa mimi kwanza.

Sasa, mwanangu, sikia ninachokutaka ufanye. Funga diski zako kwa kioo, sikukatazi, ni jambo jema. Lakini usijidanganye kwamba mbili zinatosha, kwa sababu ukifuta kwa makosa kwenye moja umefuta kwenye zote, na mwizi haibebi moja akakuachia nyingine. Yale ambayo ukiyapoteza hutayapata popote, yatolee nakala ya tatu, ukaiweke kwenye nyumba nyingine. Mashine ikiandika maneno mekundu, yasome yote. Usibonyeze tu upite. Mwambie mwenzako siku hiyohiyo, hata kama unaogopa, hata kama ni kosa lako. Na diski iliyopotea ikirudi, usiifurahie upesi. Itazame iliandikwa mara ya mwisho lini, hiyo na mwenzake, ndipo uchague nani amnakili nani. Anayejua habari za leo ndiye mkubwa. Nimekwambia mambo ya diski, lakini si ya diski peke yake. Hata watu wa nyumbani kwako, wakati mwingine wanakuandikia kwa wino mwekundu asubuhi, na wewe unabonyeza upite.

Haya, chukua bisibisi. Mungu aibariki mikono yako na kazi yake. Akupe ulimi wa kusema mapema. Na pale karibu na mlango akiwepo mtu anayeuliza kama zamu yake imefika, Mungu akujalie umsikie na umjibu angali yupo.