Mutua Hajui Kijaluo

Nakumbuka tulipokuwa wadogo, betri za redio zikiisha nguvu tulizianika juani juu ya bati, na jioni redio ikaongea tena kwa sauti ya mtu mwenye mafua. Ninyi wa rika langu mnaijua furaha hiyo. Vijana wetu wa leo hata usiwaambie. Simu ikibaki na chaji kidogo wanatetemeka kama wameshikwa na malaria.

Nyumbani kwetu kulikuwa Kisumu, upande wa Obunga, lakini likizo hazikuwa za mjini. Shule zikifungwa tu, Baba alitupakia kwenye basi kwenda kwa Babu, karibu na Pap Onditi, na binamu zetu wakaja kutoka Nakuru na Luanda Kotieno. Tulikuwa wajukuu kumi na mmoja. Asubuhi tulikunywa uji wa mtama uliokamuliwa ndimu. Mchana ilikuwa nyoyo, mahindi na maharagwe kwenye sufuria moja, na asiye na kasi alilamba kijiko. Dagaa wa omena wa bibi yetu, tuliyemwita Dani, nimewatafuta katika hoteli zote za Kisumu na sijawapata. Kutwa tulicheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, tukapika matope, tukaiba mapera ya jirani ilhali yetu yalikuwa yanaanguka yenyewe. Ya kuibwa ni matamu, nani hajui?

Jua likikaribia kuzama, Babu alipiga filimbi. Hapo hata aliyekuwa chooni alitoka mbio. Tulijipanga mstari kando ya nyumba ya Dani, mbele ya kaburi moja lililosakafiwa kwa saruji, na Babu akapita akitugusa vichwa: uno, due, tre, mpaka undici. Mimi nilikuwa sei, namba sita. Akishatumaliza sisi aligeukia kaburi, akasema, "Dodici," yaani kumi na mbili. Halafu: "Wote iko. Haya, kula."

Sisi tulidhani hicho ni Kiingereza. Mwalimu wa darasa la kwanza alipouliza nani anajua kuhesabu kwa Kizungu, nilisimama kifua mbele nikaanza uno, due, tre. Darasa zima lilianguka kwa kicheko, na mpaka namaliza la saba jina langu lilikuwa Uno.

Sasa hilo kaburi. Babu alichukuliwa kwenda vita vikuu vya pili akiwa na mke mmoja, huyo Dani, na mtoto mchanga, ambaye ndiye Baba. Akafika jangwani kaskazini mwa Afrika, kazi yake kuchimba mahandaki na kubeba masanduku ya risasi. Adui akawazingira, akawateka, akawavusha bahari hadi Italia. Nyumbani ikaja habari kwamba amepotea. Wakangoja sana. Mwisho wazee wakasema tumzike. Kwetu Wajaluo, mtu akifia mbali na mwili usionekane, huzikwa tunda la yago mahali pake, lile refu na zito linaloning'inia mtini kwa kamba yake. Wakalilia yago, wakalizika, Dani akanyoa nywele.

Kumbe marehemu alikuwa anamenya viazi kambini na kujifunza kuhesabu kwa Kiitaliano. Vita vilipokwisha akaingia nyumbani kwa miguu yake. Dani alitupa mtungi, akakimbilia shamba la mtama, na wajukuu tuliomba hadithi hiyo kila likizo ili tumwone akikana kwamba alikimbia.

Wazee walitaka yago lifukuliwe upesi, kwani mtu hai hawezi kuwa na kaburi. Babu akakataa. Alisema ana rafiki yake, Mutua, Mkamba, aliyetekwa pamoja naye, na huyo amefia huko. Alikuwa ametuma barua mbili kwa jamaa zake Ukambani zisijibiwe. Kwa hiyo kaburi ni la Mutua. Wazee wakashika vichwa. Mkamba, katika boma la Wajaluo? Babu akawajibu kwamba yeye ndiye mwenye kaburi, na anampa amtakaye.

Basi Mutua akawa mtu wa nyumbani. Tulimfagilia kila asubuhi. Na sheria ilikuwa moja: karibu na lile kaburi ni Kiswahili tu. Ukijisahau ukasema Kijaluo, fimbo ya Babu ilikugusa mguu. "Mutua hajui Kijaluo," alisema. "Unataka mgeni akae kama bubu?" Hiki Kiswahili ninachoandikia nilijifunzia hapo. Dani peke yake ndiye aliyegoma. Alisema hana lugha ya kuongea na yago, akipita pale alinyamaza.

Likizo moja ya Aprili, nikiwa na miaka tisa, nilitumwa sokoni Pap Onditi kununua chumvi. Nikamkuta mwuza dawa mwenye kipaza sauti na chatu ndani ya sanduku. Kila mara alisema sasa namtoa, na hakumtoa. Mnanijua, sikuweza kuondoka. Mvua ikashuka, ile ya huko kwetu Nyakach inayokuja na radi kutoka mlimani, nikajibanza kwenye baraza ya duka mpaka ikapungua. Nikarudi chumvi imeloa, nikijipanga kwa viboko.

Nilimkuta Babu amesimama mbele ya kaburi, wima, mikono imebana mapajani, maji yanamtiririka kidevuni. Wenzangu alikuwa amewaingiza ndani. Dani alikuwa mlangoni akimsihi kwa Kijaluo aingie, na yeye hasikii. Nikaogopa kuliko ningeogopa fimbo.

"Wewe namba gani?" akauliza.

"Sei, Babu."

Akawaita wote watoke nje kwenye manyunyu, akahesabu upya, kichwa kwa kichwa, mpaka dodici. Kisha akasema, akitazama kaburi, si mimi, "Huko kambini mtu moja akikosa, wote nasimama mpaka apatikane. Baridi, theluji, wote nasimama. Siku moja, mtu moja ilikosa. Ilikuwa mimi. Mutua alikuwa na homa, mimi naenda kuiba viazi nimpikie. Nikalala kwa ghala. Yeye akasimama mpaka giza. Siku ya tatu, basi, akafa."

Hakunipiga. Afadhali angenipiga. Toka siku hiyo hadi leo mimi sichelewi mahali, na wanaofanya kazi nami wananiona mtu wa kero.

Babu alifariki miaka ya tisini ikielekea ukingoni, wakati magugu maji yalikuwa yameufunika ufuo wa Kisumu. Aliacha neno azikwe ubavuni mwa Mutua. Watu walijaa, wakalia kwa Kijaluo, nyimbo kwa Kijaluo, mahubiri kwa Kijaluo. Udongo ulipokwisha kurudishwa, Dani akaomba ashikwe mkono. Hakwenda kwenye kaburi jipya. Alikwenda kwenye lile la saruji, akainama, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikamsikia akisema Kiswahili, pole pole, kana kwamba kila neno analitoa kwenye chungu cha moto.

"Mutua. Huyu mtu yako. Yeye nakuja sasa. Hapana potea. Wewe hesabu yeye."

Siku hizi wajukuu tuna kundi kwenye simu. Mmoja yuko Doha, mmoja Marekani, wawili wametangulia. Watu wanatuma maua ya kuchezacheza na "amina", na mtu anaweza kukaa kimya miezi minne asiulizwe. Krismasi iliyopita tulikutana nyumbani watano. Jua likikaribia kuzama niliwaita watoto wetu wajipange. Walicheka, mmoja akanirekodi, lakini walijipanga. Nikawagusa vichwa kwa namba za Babu. Kisha nikasimama kati ya makaburi mawili, nikawataja kwa Kiswahili, jina kwa jina, wale ambao hawakuja. Nilitaka Babu ajue kwamba hesabu haijatimia, na kwamba mimi bado nimesimama.